Je, wajua kwa nini mnyoo wa kwenye matamvua ya samaki anatambuliwa kwa kulabu na sehemu zake za uzazi?

Chukua chewa, funua shavu lake, kata upinde mmoja wa tamvua uuweke kwenye kisahani chenye maji ya bahari chini ya maikroskopu, halafu tulia uangalie. Mara nyingi utaona kitu kinajivuta na kujikunja katikati ya zile nyuzi nyekundu, kidogo mno, wengi wao hawafiki hata milimita moja, nyuma kimejishikiza kweli kweli na mbele kinapapasa huku na huku. Huyo ni mnyoo bapa wa kundi la monojenea, ndugu wa tegu na wa minyoo ya kichocho, ila yeye maisha yake ni mafupi kuelezea: yai linaanguliwa, linatoka lava (mnyoo mchanga) lenye vinyweleo vya kuogelea, lava linamtafuta samaki, basi. Hakuna konokono wala mnyama mwingine wa kupitia katikati.

Sasa swali ni hili, utajuaje huyu ni spishi gani? Hapo ndo kazi inapoanza, maana mwili wake hausaidii sana. Ni laini, unapitisha mwanga, rangi hakuna ya maana, na urefu wake unabadilika kila sekunde, akijinyoosha ni mrefu, akijikusanya amekuwa kidonge, sasa utampima wapi? Kitu pekee kisichobadilika ni zile sehemu ngumu, yaani kulabu za kujishikizia na mirija migumu ya uzazi. Ndo maana michoro ya wataalamu wa minyoo hii imejaa kulabu kuliko kitu kingine chochote.

Mgawanyo wa kwanza unaanzia nyuma ya mnyoo, kwenye kile kiungo cha kujishikizia wanachokiita hapta. Kuna kundi lenye kulabu kubwa mbili au nne na vikulabu vidogo pembezoni, kwa kawaida 14 au 16, hawa wanakula ute na ngozi laini ya tamvua. Kundi la pili hapta yake ina vibanio, wengine jozi nne tu na wengine makumi, kila kibanio kinabana kipande cha tamvua, na hawa wananyonya damu. Mara nyingi hata kabla hujahesabu vibanio utamjua, utumbo wake unaonekana mweusi mweusi kwa mabaki ya damu aliyoimeng'enya.

Hapo bado hujafika kwenye spishi lakini. Twende kwa minyoo ya chewa, jenasi ya Pseudorhabdosynochus, hawa mimi ndo nawapenda zaidi. Hapta yao ina kulabu nne kubwa, vikulabu 14, na zaidi ya hapo sahani mbili zenye vijiti vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu kama vigae vya paa, moja juu na moja chini, zinamsaidia kukaza asiteleze. Nzuri sana kuziangalia, ila karibu jenasi nzima wanazo za kufanana. Kiungo cha kiume nacho kina vyumba vinne kwa wote. Kinachotofautisha ni uke (kila mnyoo ana jinsi zote mbili), ambao ni mrija mgumu wenye mikunjo, vifuko na mdomo uliopanuka kama tarumbeta, na kila spishi una umbo lake. Ukifikiria naona inaleta maana kabisa, maana spishi kadhaa zinabanana kwenye tamvua za samaki mmoja, na mwaka 2007 ilitoka ripoti ya chewa wa aina ya Epinephelus maculatus huko Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, spishi moja tu ya samaki, tamvua zake zikakutwa na spishi 12 za monojenea, na 8 kati ya hizo zilikuwa mpya kabisa kwa sayansi!

Kwa hiyo usafi wa kazi ni muhimu mno. Ukitaka kuona kulabu vizuri unamkandamiza mnyoo kati ya slaidi na kioo chake ili awe bapa zaidi, lakini ukizidisha, ule uke unafunguka na kupinda, vipimo vyako (vinapimwa kwa mikromita) vinatoka vikubwa kuliko vya mwenzako na mnaweza mkadhani mna spishi mbili kumbe ni moja, ndo maana anayeelezea spishi inabidi aandike alimwandaaje. Ukitaka DNA usimtie kwenye fomalini, inaiharibu, tumia ethanoli. Wengine wanamkata vipande viwili, kipande cha DNA na kingine chenye kulabu kwenye slaidi, hivyo jina na DNA vinatoka kwa mnyoo yule yule. Na samaki mwenyewe apigwe picha, kwa sababu wengi wa minyoo hii wanakaa kwa spishi moja au chache tu za samaki, ukikosea jina la samaki umeharibu na la mnyoo.

Na msidhani haya ni mambo ya makumbusho tu. Kwenye vizimba vya samaki vya Mediterania kuna Sparicotyle chrysophrii, mnyonya damu wa tamvua anayewapa samaki upungufu wa damu, na mayai yake yana nyuzi zinazonasa kwenye nyavu za vizimba kwa hiyo maambukizi yanarudi tena na tena. Ukimchanganya na mla ute utaelewaje samaki wako wanapauka kwa nini?

Halafu juu kabisa ya mti wa ukoo napo hapajatulia. Miaka na miaka monojenea wote walihesabiwa ngeli moja (daraja kubwa la kuainisha wanyama), lakini data za jeni zimekuwa zikionyesha kwamba wale wa kulabu na wale wa vibanio huenda si ndugu wa karibu kiasi hicho, na mwaka 2023 yakatoka mapendekezo kila kundi liwe ngeli yake. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinasema ngeli moja na makala mpya inasema mbili, usishangae, angalia mwaka wa kuandikwa kwanza.