Kujifadhili si kukosa mwekezaji

Ukikaa na vijana wa programu za kompyuta hapa Mtwara mjini ukauliza biashara inaendaje, jibu unalikuta limeshaiva: "Sisi tunajifadhili, tunakua polepole." Linasemwa kwa fahari kidogo. Lakini ukichimba unakuta mmoja analipia seva, yaani kompyuta ya kukodi inayoendesha programu yake, kwa mshahara wake wa ualimu, mwingine alishinda ruzuku mwaka juzi na bado anaila, na wa tatu amezunguka kwa wawekezaji wote Dar akarudi mikono mitupu. Wote watatu wanajiita kwa jina moja, na jina hilo si la yeyote kati yao.

Maana yenyewe ni fupi. Biashara ya programu inajifadhili pale hela ya wateja wake inapolipa gharama zake zote, na ikakua kwa kile kinachobaki. Haiuzi hisa ili kuziba pengo, haiishi kwa ruzuku, wala mwenyewe haingizi mkono mfukoni kila mwisho wa mwezi. Ikibaki laki mbili, inakua kwa laki mbili. Isipobaki kitu, mwezi huo haikui.

Ugomvi wangu na watu uko kwenye hayo maneno mawili, "gharama zote". Seva kila mtu anaikumbuka, kwa sababu bili yake inakuja kwa dola wakati wewe unalipwa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, bili inapanda na hujaongeza hata mteja mmoja. Meseji za kuwakumbusha wateja, bando, nauli ya kwenda Tandahimba kumfundisha karani mpya wa duka, hizo nazo zinaandikwa. Kinachosahaulika ni ujira wa aliyeiandika programu. Mtu anakufungulia daftari: mapato 900,000, matumizi 400,000, faida 500,000. Mwezi mzima amefanya kazi, saa nne usiku anapokea simu za wenye maduka ambao hesabu zimekataa kulingana, na hajajiandikia hata mia. Weka hapo mshahara ambao angemlipa kijana mwingine kwa kazi ile ile, tuseme 700,000, na ile faida inageuka hasara ya 200,000. Biashara hiyo ina mfadhili. Mfadhili ni yeye, pamoja na mke wake anayeuza vitenge sokoni na kulipa kodi ya nyumba.

Si aibu kufadhili biashara yako. Biashara nyingi zimeanza hivyo. Ila iite hivyo, maana usipoiita hivyo hutajua siku gani imeacha kukuhitaji.

Hela ya kazi za pembeni nayo ni ufadhili, na hapa ndipo huwa nabanwa. Naambiwa: mbona Mailchimp, wale wa programu ya kutuma barua pepe za matangazo, nao walianza kwa kutengeneza tovuti za watu? Kweli. Mailchimp ilianza 2001 huko Atlanta, Marekani, ikiwa kazi ya pembeni ya kampuni iliyokuwa inabuni tovuti. Haikuchukua hela ya mwekezaji wa nje mpaka ilipouzwa kwa Intuit, kampuni kubwa ya programu za mahesabu, mwaka 2021 kwa dola bilioni 12 hivi. 37signals ya Chicago nao walikuwa wabunifu wa tovuti tangu 1999. Basecamp, programu yao ya kusimamia miradi, waliitoa 2004, wakaijenga huku wakiendelea na kazi za wateja. Kwa hiyo anayefunga kamera za ulinzi, anayetengeneza kompyuta za ofisi na tovuti za hoteli za Shangani hapa Mtwara ili apate hela ya kuiandika programu yake yuko kwenye njia iliyokwisha kupitiwa na wengine. Sina neno naye. Neno langu ni kwamba kote huko zile kazi za kuagizwa zilifika mwisho. Bidhaa ilianza kujibeba, na kazi za pembeni zikaachwa. Kwetu mtu anafunga kamera mwaka wa sita, programu ina wateja walewale, na bado anasema inajifadhili. Kinachojifadhili pale ni kamera.

Ruzuku haina maneno mengi. Hela ya shindano au ya mradi si mapato, hata ukiiandika kwenye mstari wa mapato. Hakuna mteja aliyeamua kukulipa. Itumie, shukuru, lakini usiihesabu.

Sasa hilo "polepole", ambalo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu limekuwa blanketi la kufunikia kudumaa. Kukua polepole na kudumaa huwezi kuvitofautisha kwa kutazama mwezi mmoja. Lazima upige hesabu ya wanaoondoka, na hiyo ndiyo hesabu ambayo karibu hakuna anayeipiga.

Tuseme una programu ya mauzo ya duka, kila duka linalipa 20,000 kwa mwezi. Kila mwezi unapata maduka mapya 2, na katika kila maduka 100 uliyonayo, 5 yanaacha kutumia. Mwanzoni huoni tatizo, maana una maduka 10 na wanaoacha hawafiki hata mmoja kwa mwezi. Lakini ukifika maduka 40, wanaoacha ni 2 kila mwezi, na wanaoingia ni walewale 2. Hapo umefika darini. Unaweza kuhangaika miaka kumi, ukazunguka Masasi na Newala mpaka soli ziishe, na utabaki na maduka 40 yanayoleta 800,000. Hukui polepole, umesimama, ila unatoka jasho.

Ukiwapunguza wanaoacha kutoka 5 hadi 2 katika kila 100, dari linapanda hadi maduka 100, yaani 2,000,000 kwa mwezi, kwa wateja wapya walewale 2. Hukuongeza tangazo wala hukuajiri mtu wa masoko. Ndiyo maana anayejifadhili kwelikweli anatumia muda mwingi kwa wateja aliokwisha kuwapata, jambo ambalo kwa mtu wa nje linaonekana kama uvivu.

Na kwa nini wanaacha? Kwetu huku sababu ni za kawaida tu. Simu ya dukani imeanguka na data zote zilikuwa humo. Karani aliyefundishwa ameolewa Lindi, aliyekuja anaona daftari ni rahisi zaidi. Mtandao. Mei 2024 barabara ya Kusini ilikatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, na siku chache baadaye intaneti ikayumba nchi nzima kwa sababu nyaya za chini ya bahari zilikatika. Programu iliyohitaji intaneti ili kutoa risiti ilikuwa pambo la mezani siku hizo, na mwenye duka aliyerudi kwenye daftari wiki ile hakuwa na sababu kubwa ya kutoka tena. Aliyekuwa amepoteza miezi mitatu akihakikisha programu yake inafanya kazi bila mtandao, huku wenzake wakimcheka kwamba haongezi vipengele, alibaki na watu wake. Huo ndio ukuaji wa polepole ninaoukubali. Una kazi ndani yake.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni msimu. Mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, hela yake ina tarehe. Minada ya korosho kwa kawaida inaanza Oktoba, wakulima wanalipwa kupitia vyama vyao, na kuanzia hapo mpaka mwanzoni mwa mwaka duka la vipuri, la simu, la mabati, wote wana hela. Ifikapo Mei mwenye duka anakwambia "nitakutafuta" na hakutafuti. Kwa hiyo mtu mwenye akili anabuni malipo ya mwaka yanayolipwa Novemba. Ni mpango mzuri, na hela ya mteja inayotangulia ndiyo mtaji wa bei nafuu kuliko wote, kwani haina riba na haichukui hisa.

Lakini angalia. Maduka 30 yakilipa 240,000 kila moja, simu yako inaonyesha 7,200,000 kwa mpigo. Umeingiza hiyo yote, lakini hujaipata. Uliyoipata Novemba ni 600,000, na iliyobaki ni deni la huduma ya miezi kumi na moja. Anayenunua pikipiki na kupanga ofisi yenye kioo kwa ile hela ya Novemba anafika Mei akiwa na wateja 30 wanaopiga simu na akaunti isiyo na hela ya seva, na hapo ndipo anaanza kumtafuta mwekezaji, tena kwa haraka, na mwenye haraka hapewi bei nzuri.

Halafu kuna wale wanaotangaza "lipa mara moja utumie milele". Mtu wa Kusini nikimwambia hiyo ni kangomba, hahitaji maelezo. Kwa asiyejua: mnunuzi anampa mkulima hela ya njaa kabla ya mavuno, msimu ukifika anazoa korosho kwa bei ya kutupa, biashara ambayo serikali imeipiga marufuku na watu wamekamatwa kwa ajili yake. Anayeuza "milele" kwa laki moja anajikangombea mwenyewe. Mwaka wa nne mteja bado anapiga simu usiku, bado anataka marekebisho, na ile laki ililiwa zamani.

Kuna pia wanaodhani kujifadhili maana yake ni kubaki mdogo. Zoho, kampuni ya programu za biashara yenye asili ya India, ilianza 1996 ikiitwa AdventNet, haikuwahi kuchukua hela za wawekezaji wa mitaji, na leo ina maelfu ya wafanyakazi. Mwaka 2011 ilifungua ofisi Tenkasi, mji mdogo kusini mwa India, mbali na miji yote ambayo watu wa programu husema huwezi kufanikiwa bila kuwamo. Nawatajia vijana wanaosema Lindi haiwezekani, mpaka waende Dar kwanza.

Wala kujifadhili si kiapo. GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilijiendesha kwa hela ya wateja wake tangu 2008, kisha 2012 ikachukua dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji Andreessen Horowitz. Kuanzia siku hiyo haikuwa tena kampuni ya kujifadhili, na hakuna aliyekufa. Ni hali ya hela tu, kama ilivyo kuwa na deni au kutokuwa nalo. Inaweza kubadilika Jumatatu. Anayeifanya dini, akawasema vibaya waliochukua mwekezaji, mara nyingi ni yule wa tatu niliyemtaja pale juu, aliyerudi kutoka Dar mikono mitupu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nikikuuliza biashara inaendaje, usiniambie "tunajifadhili" kwanza. Nitajie mwezi uliopita nani alilipa seva, nani alikulipa wewe, na maduka mangapi yameacha. Kama seva imelipwa na mshahara wako, sema "bado naigharamia", na tuzungumze namna ya kuifikisha inakotakiwa kufika. Kama imelipwa na wateja lakini wewe hujalipwa, sema "inalipa bili, hainilipi mimi". Hapo uko katikati, na wengi wako hapo. Kama maduka yanayoingia ni sawa na yanayotoka, usiseme inakua. Na ukiwa umelipa seva, umejilipa, hukuchangia hata senti, na mwisho wa mwezi imebaki laki moja na nusu, basi lile neno ni lako, hata kama wateja wako ni ishirini na tano tu.