Je, wajua kwa nini mauaji ya kambini ni fumbo gumu kuliko ya mtaani?

Mtu akiuawa Majengo au Kisauni hapa Mombasa, kufikia alasiri kila baraza lishapata muuaji wake. Majirani husema hata wasiloulizwa, na kazi ya mpelelezi ni kuchuja maneno. Kwenye kambi ya jeshi, kazi ni kuyatoa hayo maneno. Askari wanaishi ndani ya ua mmoja, wote wanajua kulenga shabaha, na wote wamefunzwa kwamba mdogo hafungui mdomo mbele ya mkubwa mpaka aruhusiwe. Cheo ndicho kinachoamua nani aulizwe, na nani asiguswe kabisa.

Ndiyo maana watengenezaji wa filamu hawachoki kurudi kambini. Katika nilizoziona, hakuna iliyoutumia ugumu huo vizuri kama A Soldier's Story, picha ya mwaka 1984 iliyoongozwa na Norman Jewison.

Ni mwaka 1944, jimbo la Louisiana, Marekani. Jeshi lao bado linawatenga weusi na weupe. Amri ya Rais Truman ya kuuondoa utengano huo ilikuja 1948. Sajenti Waters, mtu mweusi, anatoka baa usiku akiwa amelewa chakari, anapigwa risasi na kufa njiani. Kambi nzima inaamini ni kazi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi waliowaua weusi. Analetwa Kapteni Davenport, mwanasheria mweusi, na kanali anampa siku tatu tu amalize uchunguzi.

Angalia anavyopokewa. Askari weusi wanamkodolea macho kwa fahari, maana hawajazoea kumwona ofisa wa rangi yao. Kapteni Taylor, mzungu, ana cheo kilekile, lakini anamtaka avue miwani yake ya jua. Davenport anamjibu kwamba anaipenda, inafanana na ya Jenerali MacArthur. Basi. Hakuna hotuba, na ushajua uchunguzi huu utapita njia gani.

Kidokezo kinachonifurahisha zaidi ni kitu kidogo tu: maiti ya Waters ilikutwa na tepe zake za usajenti zikiwa mahali pake. Waliozoea kuwaua askari weusi kule Kusini, tepe na beji ndivyo walivyong'oa, kwa sababu mweusi aliyevaa sare ndiye aliyewachoma roho. Kama tepe zimeachwa, huenda aliyefyatua risasi alikuwa na kisa na Waters mwenyewe.

Hapo ndipo filamu inapopata nguvu. Kila shahidi akiketi mbele ya kapteni, Waters anafufuka kwa sura nyingine. Kumbe alikuwa akiwadharau weusi wenzake wa Kusini, akiona wanaliaibisha kabila zima. Aliyemwonea zaidi ni C.J., kijana mpole mpiga gitaa, ambaye alitegewa mtego, akatiwa ndani, na akajiua huko rumande. Adolph Caesar anamcheza Waters kwa sauti ya mkwaruzo inayokufanya umchukie, kisha umhurumie kabla hujajua kwa nini. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na filamu yenyewe pia iliteuliwa kuwania ile ya filamu bora.

Mtazamaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Februari mwaka uleule wa 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwetu ikielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo), imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, manesi na wengine. Manowari ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300. Askari wetu wa vita vile nao waliongozwa na maofisa wa Kizungu. Mwafrika akipanda sana, ni usajenti au uwaranti. Na mtu aliyepewa tepe chache akazitumia kuwakanyaga wenzake, hata asiyewahi kuvaa sare anamjua. Nyapara wa aina hiyo hawajaisha.

Dosari zipo. Hadithi hii ilianzia jukwaani, katika tamthilia ya Charles Fuller iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1982, na harufu ya jukwaa haijatoka. Kiti, meza, shahidi, kumbukumbu. Kisha kiti tena. Aliyezoea picha za ngumi atakuwa anakoroma nusu saa haijaisha. Davenport ni mkavu mno, hana nyumbani wala mcheko. Wanawake ndio kabisa: Patti LaBelle anaimba baani, na sauti ni tamu kweli, lakini zaidi ya hapo hakuna.

Kuna na tatizo lililoletwa na miaka. Mmoja wa askari wanaohojiwa ni Denzel Washington, ambaye wakati ule hakuwa staa mkubwa. Leo akitokea tu, macho yote yanamfuata yeye na wengine wanasahaulika. Kama hilo linakupoteza au linakufichulia, sisemi, itazame.

Ila mwisho ndio ulioniudhi. Kwenye tamthilia, fumbo likishafumbuliwa, tunaambiwa kikosi kizima kiliangamia vitani Ujerumani, hivyo hatima ya muuaji na ya mashahidi hazikupishana sana. Jewison ameliondoa hilo, akawaacha askari wakipiga gwaride kwenda vitani kwa shangwe. Ni mwisho wa kumpendeza aliyelipa tiketi, na baada ya mambo mazito tuliyoonyeshwa, naona ametuhurumia bila kuombwa.