Mtaalamu wa sayansi ya tabia: maana na kazi yake

Mtaalamu wa sayansi ya tabia huchunguza jinsi watu wanavyotenda katika mazingira yao halisi, kisha hutumia alichokiona kurekebisha huduma, kifaa au utaratibu ili uendane na binadamu kama alivyo. Anaweza kuwa amesomea saikolojia, uchumi, anthropolojia (elimu ya jamii na tamaduni za watu) au uhandisi, kwa kuwa kinachomtambulisha si shahada bali swali analoanza nalo. Wengi wetu tukiona watu hawafanyi jambo lenye manufaa kwao, hukimbilia kusema kwamba hawana elimu. Yeye huuliza kwanza ni nini kinachowazuia, pale hasa na saa ileile jambo hilo linapotakiwa kufanyika.

Mfano ulio wazi unatoka Busia na maeneo jirani, magharibi mwa Kenya, ambako watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walichunguza matumizi ya klorini ya kutibu maji ya kunywa. Klorini ya chupa ilikuwa ikiuzwa madukani kwa bei nafuu na familia nyingi zilikuwa na habari zake, lakini zilizoitumia zilikuwa chache. Mahubiri zaidi ya usafi yasingesaidia sana, kwani mama aliyefika nyumbani na maji, huku moto haujawashwa na watoto wana njaa, alitakiwa aikumbuke chupa, apime dawa, kisha awazuie watu wasinywe kwa muda wa nusu saa.

Suluhisho lililojaribiwa likawa kuweka tangi dogo la klorini penye chemchemi yenyewe, bila malipo. Mteka maji hufungua vali na kupata kipimo kinachotosha mtungi wa lita 20, hujaza maji, na mwendo wa kurudi nyumbani huyachanganya maji na dawa na kuipa muda wa kufanya kazi. Tangi lenyewe hukumbusha kwa kuwa lipo machoni, kila anayelitumia huonwa na jirani zake, na mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake huhakikisha halikauki. Matumizi ya klorini yalipanda sana, ingawa maarifa ya watu kuhusu maji machafu hayakuwa yamebadilika kwa kiasi kikubwa.

Kazi hii haiishii kwenye vifaa. Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, maiti zilikuwa zikiambukiza, na vikosi vya maziko vilizichukua kwa namna iliyozinyima familia nafasi ya kuaga, hivyo baadhi ya familia zikaanza kuwaficha wagonjwa na kuzika kwa siri. Wanaanthropolojia walisisitiza kwamba huko si ukaidi, kwa maana hakuna mtu anayekubali kirahisi kumwacha mzazi wake azikwe kama mzigo. Mnamo Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima, ulioruhusu familia na viongozi wa dini kushiriki, sala kusomwa na maiti ya Mwislamu kufanyiwa tayamamu, yaani utakaso usiotumia maji, badala ya kuoshwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo thamani ya wataalamu hawa inapodhihirika zaidi, kwa sababu agizo lilelile la kitabibu lilipata sura ambayo mfiwa aliweza kuikubali.

Wasichanganywe na wanasaikolojia tiba, ambao humhudumia mgonjwa mmoja mmoja. Wala ujuzi wao hauelekei kwenye wema peke yake: kampuni ya kamari ya simu inayojua ni saa ngapi mtu hushindwa kujizuia inaweza kumtumia ujumbe saa hiyohiyo. Ndiyo maana utafiti unaohusisha watu hupaswa kupitiwa na kamati ya maadili kabla haujaanza, na mshiriki huombwa ridhaa yake akiwa na haki ya kujitoa wakati wowote.