Mafuvu ya Taita si ya kafara

Jumamosi iliyopita, tukiwa bado tunahema kwenye mpando wa Ngangao, msitu wa Milima ya Taita huku Kenya, mgeni mmoja ninayemwongoza aliniuliza: "Hapo kwenye mafuvu ya Wataita wa kale ndipo walipokuwa wakichinja watu?" Swali hilo nimelisikia mno. Limenichosha.

Hakuna aliyechinjwa. Mtu alikufa, akazikwa. Ukipita mwaka au zaidi, ukoo wake walifukua kaburi, wakalitoa fuvu na kulipeleka kwenye mwamba wa ukoo, likapangwa safu moja na mafuvu ya wazee wake. Ilikuwa heshima. Wengi wakiona fuvu halina taya la chini wanasema, "Alikatwa kwa panga!" Taya hilo limeshikwa na nyama na kano tu, halikuungana na fuvu kwa mfupa. Nyama ikioza, linaachia lenyewe. Chutama uangalie vizuri: utaona kuvumwani iliyoota utosini, lakini mkato huoni.

Tena tusiseme pango, kana kwamba kuna giza la kuingia. Mara nyingi ni jabali lililoinama likazuia mvua, basi. Ukoo ukipatwa na balaa, wazee walikwenda kuwaomba waliotangulia. Katika kutasa, ibada ya Kitaita ya kuomba, mzee hupiga funda la pombe ya miwa, akaipuliza nje huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni. Humwendei babu yako na kinyongo. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Sagalla, kilima kimojawapo cha Taita, mwaka 1883. Dini mpya ilipoenea, desturi ya kufukua ikafifia, na wajukuu wakaanza kuyaonea haya mafuvu ya babu zao wenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuhusu njia: vaa viatu vya kushika tope, beba koti, ukungu hauna saa. Kilele kirefu ni Vuria, mita 2,208, si hapa. Fighi, vile vichaka vitakatifu, usivunje hata kijiti.

Ila kuwapeleka wageni kwenye mafuvu bado kunanisumbua. Mzee mmoja wa ukoo ameniruhusu. Ndugu yake aliniambia babu si wa kuonyeshwa. Wote wawili nawaelewa. Mwaka juzi nilikuta duara tupu katika vumbi, kati ya mafuvu mawili. Mtu alikuwa amelibeba la katikati.

Siku hizi nasimamisha kundi kwenye mti wa mwisho kabla ya mwamba. Simu zinaingia mkobani, nasimulia haya yote, ndipo tunasogea wawili wawili.