Kabla hujamwambia mtu "jikaze"

Washiriki wa mafunzo ya stadi za ushauri nasaha hufungua daftari wakisubiri nitaje maneno ya kusema. Mwalimu wa malezi anataka ya kumwambia mwanafunzi aliyefiwa. Muuguzi wa kliniki anataka ya mama aliyegundulika jana kuwa na virusi vya UKIMWI. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anataka ya kumtuliza mwanamke aliyepigwa na mumewe. Siku ya kwanza, kazi yangu kubwa ni kuwanyang'anya maneno waliyokuja nayo.

Tunayajua sote. Jikaze. Mwachie Mungu. Vumilia, ndiyo ndoa hiyo. Mshukuru Mungu, wenzako wana makubwa zaidi. Nia ni njema, na msibani yana kazi yake. Lakini mtu anayetafuta pa kuanzia akiambiwa hivyo, anaelewa kuwa mazungumzo yamekwisha.

Zoezi letu kuu hufanywa na watu watatu. Mmoja anasimulia jambo lake la kweli, dogo tu. Wa pili anasikiliza. Wa tatu anatazama na kuandika. Msikilizaji haruhusiwi kushauri, wala kuuliza "kwa nini". Utasikia hivi:

"Tangu mama aje kuishi kwetu, sina raha nyumbani."

"Umeshakaa na mkeo mkaliongea?"

Hilo ni swali kwa sura tu. Msikilizaji ameshaamua tatizo ni mke, na ameshatoa dawa. Tunarudia. Safari hii anasema, "Nyumbani pamekuwa pazito tangu mama afike," halafu ananyamaza. Hapo jasho linawatoka! Lakini akivumilia kile kimya, msimulizi huendelea mwenyewe, na pengine likatoka jingine kabisa: mke hana neno, ila mama ameanza kusahau majina ya wajukuu, na mwanawe anaogopa.

"Kwa nini" naikataza kwa sababu mtu huisikia kama mashtaka. Muulize mgonjwa "kwa nini hukuja mwezi uliopita?" naye atajitetea. Muulize "mwezi uliopita ilikuwaje?" naye atakusimulia habari ya nauli.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika kuhusu mambo yanayomsaidia mtu kubadilika, yakiwamo kumwelewa kwa kusimama upande wake, kumpokea bila kumhukumu, na wewe mwenyewe kuwa mkweli. Darasani kila mtu anaitikia kwa kichwa. Kasheshe ni pale binti wa kidato cha pili anapoingia ofisini kwako akiwa mjamzito, nawe una binti wa umri uleule nyumbani.

Naulizwa kama kazi hii si ya wataalamu peke yao. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kuketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliozungumza nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nairobi nako, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa utaratibu wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani, na wanawake waliopitia ukatili wakafaidika. Ila wahudumu wale hawakuachwa baada ya semina: walikuwa na msimamizi wa kurudi kwake na kesi zao. Huku kwetu bajeti ikibana, hicho ndicho kipengele cha kwanza kukatwa. Posho, cheti, picha ya pamoja, tukutane mwakani.

Kuhusu siri, nawakataza kuahidi wasichoweza kutimiza. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mwalimu aseme mapema, kabla mtoto hajafungua moyo: "Tutakayoongea yatabaki hapa, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitamhusisha mwingine, na nitakuambia kwanza."

Lipo swali moja ambalo kila mshiriki lazima alitamke kwa sauti, akimtazama mwenzake: "Umefikiria kujiua?" Wengi wanadhani kuuliza ni kumtia mtu wazo. Sivyo, anayeulizwa waziwazi hupata nafasi ya kulitua. Mwanzoni wanalinong'ona, wengine wanacheka kwa aibu. Tunarudia mpaka litoke kwa sauti ya kawaida, kisha kila mmoja anaandika atampeleka wapi mtu atakayejibu "ndiyo": hospitali gani, amwone nani, simu ipi, nauli kiasi gani. Asiyejua, hapati cheti mpaka aulizie.