Ndama mzito zaidi si lazima awe fahali bora

Dhana: Ndama anayeongoza kwa kilo siku ya kuachishwa kunyonya ndiye wa kubakizwa awe fahali wa mbegu.

Mizani haijui umri. Chukua ndama wawili wa Borani, aina ya ng'ombe wa nyama, katika boma moja la Gilgil, wote walizaliwa na kilo 28. Mmoja ana siku 220 na kilo 160. Mwenzake ana siku 180 na kilo 145. Toa uzito wa kuzaliwa, gawanya kwa siku za umri, zidisha kwa 205 (siku za umri wa kulinganishia ndama wote), kisha urudishe uzito wa kuzaliwa. Wa kwanza anatoka na kilo 151, wa pili 161. Yule mwepesi ndiye anayekua haraka, na inauma kwamba ndiye anayeuzwa mapema.

Kuna na mama. Mtamba wa uzao wa kwanza bado anakua mwenyewe, maziwa yake hayafikii ya ng'ombe wa uzao wa nne, basi mpime ndama wake dhidi ya ndama wa mitamba wenzake. Msimu nao una neno: aliyezaliwa mvua za masika zikianza hunyonya mama aliyeshiba, wa Desemba huingia moja kwa moja kwenye kiangazi. Dume naye hulinganishwa na dume. Bila namba ya hereni na tarehe ya kuzaliwa daftarini, hesabu hii haipo.

Dhana: Ndama akizaliwa mkubwa, ni baraka.

Kwa mtamba mwenye nyonga nyembamba ni hatari: ndama hukwama, hufa, au mama hulemaa miguu ya nyuma. Fahali wa Charolais, aina yenye ndama wakubwa, mpe ng'ombe mkubwa aliyekwisha kuzaa. Mtamba asubiri afikie takriban asilimia 65 ya uzito wa utu uzima, kisha apandwe na fahali anayejulikana kwa ndama wadogo.

Dhana: Fahali mzuri hatolewi bomani.

Baada ya miaka mitatu hivi binti zake huanza kupandwa. Akiwapanda yeye mwenyewe, watoto wao huweza kudumaa, na vifo vya wachanga huongezeka. Mbadilishe kabla ya hapo.

Dhana: Saa yoyote ya kupima ni sawa.

Maji na nyasi tumboni huongeza makumi ya kilo kwa ng'ombe mzima. Pima asubuhi kabla hawajanywa, kwa mizani ileile kila mara.