Pumzi ya ulingoni: ule mlio wa "tss" una maana gani?

Ukikaa karibu na ulingo, kabla hujaona vizuri nani anashinda, utasikia mlio unaorudiarudia: "tss, tss-tss". Wengine huguna "hah". Asiyeujua mchezo hudhani ni mbwembwe za kumtisha mpinzani. Kumbe bondia anapumua.

Pumzi ya ulingoni ni namna bondia anavyoigawa hewa yake kufuatana na ngumi anazorusha na anazopokea. Mtu akiambiwa "pumua vizuri", mara moja hujaza kifua. Kwenye masumbwi kazi kubwa ni kutoa. Ukishatoa, hewa nyingine huingia yenyewe, huna haja ya kuitafuta.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kubana pumzi. Anarusha ngumi nne, tano, huku kifua kimefungwa kama mtu aliyezama majini. Mabega yanakakamaa, ngumi zinapungua kasi, na hewa ukaa inazidi kulimbikana mwilini. Hiyo hewa ukaa ndiyo hasa inayomfanya mtu ajisikie anakabwa, kwa hiyo anaanza kutweta mdomo wazi. Raundi ya kulipwa kwa wanaume ni dakika 3. Aliyebana pumzi huziona ndefu mno, na hata awe hodari wa kukimbia barabarani, mbio hizo hazimsaidii sana hapo.

Dawa yake ni ule mlio. Kila ngumi ina mtoo wake mfupi wa hewa, kupitia puani au katikati ya meno yaliyouma kinga ya mdomoni. Neno la kushika ni "mfupi". Usimwage hewa yote kwenye ngumi moja; ukirusha tatu mfululizo, zigawie pumzi moja vipande vitatu, kisha vuta kwa pua unapojitoa nje ya masafa ya mpinzani. Mtoo huo hukaza misuli ya tumbo wakati uleule ngumi inapofika, na nguvu inayotoka miguuni na kiunoni hupita hadi kwenye konde bila kuvujia njiani. Sauti yenyewe haiongezi chochote. Wapo wanaopiga kelele kubwa na ngumi yao bado nyepesi.

Upande wa kupokea ndio wenye hatari zaidi, nao husahaulika mazoezini kwa sababu begi la kupigia ngumi halirudishi ngumi. Chini ya kifua, penye chembe cha moyo, kuna kiwambo, msuli unaoendesha upumuaji. Konde likitua hapo wakati unavuta hewa, tumbo limelegea, kiwambo hushikwa na mkazo na kwa sekunde kadhaa hewa haiingii kabisa. Ndiyo maana bondia anaweza kupiga goti akiwa na akili zake timamu, macho makavu, na asiweze kuinuka. Anayetoa pumzi kidogo konde linapofika huwa amekwisha kulikaza tumbo. Mdomo nao ufungwe: taya lililoachwa wazi huvunjika kwa urahisi zaidi, na ulimi unaweza kukatwa na meno. Mabondia wazoefu hulijua hili, wakawa wanamvizia mwenzao pale kifua chake kinapopanda.

Kuishiwa pumzi si aibu ya wadhaifu. Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, George Foreman alikuwa bingwa wa dunia asiyewahi kupoteza pambano. Muhammad Ali aliegemea kamba akamwacha apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya 8.

Baina ya raundi kuna dakika 1, na hapo utaratibu hugeuka. Hakuna tena vipande vifupi. Bondia huvuta hewa kwa pua hadi tumbo livimbe, kisha huitoa polepole, muda mrefu kuliko aliotumia kuivuta. Huko kutoa kwa kirefu ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Mara nyingi utamwona msaidizi wa kona akiivuta bukta ya bondia mbele kiunoni. Anaulegeza mpira wa bukta ili tumbo lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Pumzi mbili tatu za namna hiyo kwanza, maelekezo ya kocha baadaye, maana anayehema hasikii anachoambiwa.